Jedwali linaanza upya kila nikihama: kubadilisha programu kwenye simu yenye LineageOS

Swali: Fundi, mimi nauza samaki soko la Kibuye, Kisumu. Oda zinakuja kwa WhatsApp, malipo yanaingia kwa M-Pesa na ujumbe wake unafika kwa SMS, nami naandika kila kitu kwenye Google Sheets. Simu ni Redmi Note 7 yenye RAM ya GB 4. Kijana mmoja aliifungua kufuli ya kiwandani, akaiwekea LineageOS 20, aina nyingine ya Android, na Magisk, ile programu inayoipa simu ruti. Shida ni kwamba nikitoka kwenye jedwali nikasoma SMS, nikapitia WhatsApp, kisha nikarudi, mara nyingi jedwali linafunguka upya na nilichokuwa nimeandika nusu kimepotea. Nataka pia kuruka kutoka programu moja hadi nyingine kwa kidole gumba tu, maana mkono wa pili unashika samaki. Rafiki yangu wa Nakuru anasema niweke programu ya kusafisha RAM, halafu moduli, yaani kiongezo cha Magisk, ya kubadilisha ile skrini ya programu za karibuni ifanane na ya iPhone. Nianzie wapi?

Jibu: Dada, kisafisha RAM usikiweke hata kidogo, na ile moduli iache mpaka mwisho. Unachokitaka kwa kidole gumba kimo tayari ndani ya LineageOS, wala huhitaji kupakua kitu. Lakini tukikimbilia kupanga vidole kabla ya kujua jedwali linafia wapi, utakuwa unafika upesi zaidi kwenye jedwali lililokufa.

Tuanze na ile skrini yenyewe. Kadi unazoziona ukifungua programu za karibuni ni picha tu. Unapoondoka kwenye programu, Android huipiga picha skrini yake, na picha hiyo ndiyo unayoitelezesha huku na huku. Programu yenyewe huenda ingali hai kwenye RAM, huenda imegandishwa isitumie prosesa, huenda iliuawa kitambo. Kadi inafanana vilevile katika hali zote tatu. Ukigusa iliyo hai, unaendelea ulipoachia. Ukigusa iliyokufa, mfumo unaiwasha kutoka mwanzo, na kurudi kwa yale uliyokuwa umeandika nusu kunategemea kama aliyeitengeneza alikumbuka kuyahifadhi. (Kadi ya benki ikionekana tupu, si hitilafu. Programu hizo huizuia Android isizipige picha. SMS haizuii, kwa hivyo salio lako la M-Pesa linasomeka na yeyote anayechungulia begani unapopitia kadi.)

Sasa, anayeua ni nani? Kuna kitengo ndani ya Android kinachoitwa lmkd ambacho kazi yake ni kuua programu RAM inapobana. Hakiui ovyo. Kila programu ina nambari. Iliyo mbele yako ina 0. Ile unayoisikia bila kuiona, kama kicheza muziki, iko kwenye 200. Skrini ya mwanzo ina 600. Programu uliyotoka sasa hivi ina 700. Nyingine zote zilizolala nyuma ziko 900 kwenda juu. RAM ikipungua, wenye nambari kubwa ndio wanaotangulia kufa.

Hiyo 700 itazame vizuri, kwa sababu shida yako yote imekaa hapo. Walioitengeneza Android walijua watu hupenda kwenda na kurudi kati ya programu mbili, ndiyo maana ile uliyotoka punde inapewa ulinzi wake peke yake. Lakini nafasi hiyo ni moja. Ukitoka Sheets kwenda SMS, Sheets inakaa kwenye 700, salama kiasi. Ukitoka SMS kwenda WhatsApp kumjibu mteja wa mbuta, SMS ndiyo inayochukua 700, na Sheets inateremshwa kwenye kundi la 900 pamoja na Facebook uliyoifungua asubuhi. Kwenye simu ya GB 4, huko chini hakuna anayekaa sana, hasa WhatsApp ikianza kufungua picha na video za wateja. Kwa hivyo kazi yetu ni kuufanya mzunguko wako wa programu tatu uwe wa mbili. Hayo mengine ni nyongeza.

Kabla ya hapo, ondoa uwezekano wa kijana aliyekuwekea mfumo kuwa aligusa kitu. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7 mpaka uambiwe umekuwa msanidi programu. Kwenye chaguo za wasanidi zilizojitokeza ndani ya Mfumo, shuka karibu na chini, sehemu ya programu. Kuna swichi inayoamuru simu iharibu kila skrini ya programu mara tu unapoiacha. Iliwekwa kwa ajili ya majaribio ya watengenezaji, na ikiwashwa, jedwali lako litaanza upya hata ukitoka kwa sekunde mbili. Ihakikishe imezimwa. Karibu nayo pana kikomo cha michakato ya chinichini. Kirudishe kwenye kiwango cha kawaida. Wapo mafundi wanaokiweka kwenye sufuri wakidhani wanaipa simu kasi. Wanafanya kinyume.

Kisafisha RAM nacho kina kosa hilohilo. Kuua programu zote ili RAM ionekane tupu ni sawa na kupakia samaki wote ndani na kufunga kibanda baada ya kila mteja, kisha kukifungua tena kwa anayefuata. RAM tupu haikusaidii chochote. Android huijaza makusudi ili unachokirudia kiwe tayari, na ikihitaji nafasi inaichukua yenyewe kwa utaratibu wa nambari niliokueleza. Halafu kuna hatari kubwa zaidi kwako. Visafishaji vingine, hasa vikipewa ruti, yaani mamlaka ya juu kabisa ndani ya simu, husimamisha programu kwa nguvu, na programu iliyosimamishwa hivyo haipokei arifa mpaka uifungue kwa mkono. Oda ya WhatsApp itafika kwenye seva na kukaa huko. Mteja ataona tiki moja, atakwenda kibanda cha jirani. Ukiiacha WhatsApp ilale au hata iuawe na lmkd, haidhuriki. Huduma ya arifa ya Google huiamsha ujumbe unapoingia. Ni kusimamishwa kwa nguvu tu kunakoivunja njia hiyo.

Utasikia pia ushauri wa kuiondolea programu vikwazo vya betri. Ni ushauri mzuri kwa arifa zinazochelewa. Kwa jedwali lako haufanyi lolote, kwa sababu lmkd haitazami orodha ya betri.

Haya, sasa tatu ziwe mbili.

SMS ndiyo ya kutoa kwenye mzunguko. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, usifungue programu ya SMS. Vuta arifa chini, panua ule ujumbe kwa kamshale kake, soma jina na kiasi, irudishe juu. Kuvuta arifa hakukutoi kwenye Sheets, iko palepale kwenye 0 yake. Ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu 10 usijisumbue kuinakili wakati watu wamepanga foleni. Ujumbe haupotei, utazijaza jioni ukiwa umeketi. Na siku unayolazimika kunakili vitu kadhaa, fungua ubao wa kunakili wa Gboard, kibodi ya Google, uwashe kumbukumbu yake. Unahifadhi vipande vingi kwa saa moja hivi hata bila kuvibana, kwa hivyo unaweza kunakili majina na kiasi cha watu wanne, ukahama mara moja tu, ukavibandika kimoja kimoja.

Jibu fupi la WhatsApp nalo, kama “Iko, njoo saa nane,” liandike ndani ya arifa yenyewe. Uwezo huo upo tangu Android 7 ya mwaka 2016 na watu wachache mno huutumia.

Halafu kuna kugawa skrini, ambako wengi hukuona kama urembo. Tangu Android 10, programu mbili zilizogawana skrini huhesabiwa zote kuwa zinafanya kazi, zote mbele yako. Hakuna ya 700 wala ya 900. Sheets juu, WhatsApp chini, na hakuna anayeuliwa wakati unaandika. Fungua programu za karibuni, gusa ile ikoni ndogo iliyo juu ya kadi ya Sheets, chagua kugawa skrini, kisha chagua WhatsApp. Kwenye Android 13 uliyonayo, jozi hiyo inabaki kama kadi moja. Ukienda kupiga simu na kurudi, unagusa kadi hiyo na zote mbili zinarudi pamoja. LineageOS 22, ambayo msingi wake ni Android 15, inakuruhusu kuihifadhi jozi kama ikoni kwenye skrini ya mwanzo. Ukipata toleo hilo kwa simu yako kutoka mahali unapopaamini, kwa kazi yako linastahili usumbufu wa kuhama.

Kero ni kibodi. Kwenye skrini ya inchi 6.3 kibodi ikipanda, programu ya chini inabaki na utepe tu. Ndiyo sababu nimesema Sheets iwe juu, unakoandika zaidi. Jaribu pia kuivuta ile mistari ya katikati, au kuigeuza kibodi ya Gboard iwe ya kuelea. Mimi binafsi ningegawa skrini wakati wa kuandika oda nyingi tu, kama Jumapili Kibuye inapofurika, na siku nyingine ningekaa na mbili za kupokezana.

Na kupokezana huko ndiko kidole gumba kinakohusika. LineageOS inakupa njia mbili. Ukitumia ishara za kutelezesha, telezesha kidole kwenye ule mstari wa chini kabisa kutoka kushoto kwenda kulia na programu iliyopita inakuja. Ukiigusa na kuitumia kidogo, kutelezesha vilevile tena kunakurudisha. Ukitumia vitufe vitatu, bonyeza kile cha mraba mara mbili upesi. Hakuna moduli hapo, hakuna ruti. Kisha ingia Mipangilio, Mfumo, Vitufe, na utaona LineageOS inakuachia uamue kitufe cha mwanzo au cha karibuni kifanye nini kikibonyezwa kwa muda mrefu au mara mbili. Miongoni mwa kazi unazoweza kuchagua ni kurudi programu iliyopita na kugawa skrini. Kwa wanaotumia ishara, upo pia mtelezo mrefu kutoka ukingo wa kushoto au wa kulia unaoweza kupewa kazi hizohizo.

Kwa muuza samaki nitapendekeza vitufe vitatu, hata kama ishara zinapendeza zaidi. Kidole chenye maji na magamba huikanganya skrini, na mtelezo unaokatika katikati unakupeleka usikotaka. Mguso mara mbili mahali pamoja hukosea mara chache zaidi. Panga hivi: mraba mara mbili kwa programu iliyopita, mraba kwa muda mrefu kwa kugawa skrini, kitufe cha mwanzo kiache kilivyo. Ukiwa humo humo kwenye Vitufe, tafuta chaguo la kuua programu iliyo mbele kwa kubonyeza Nyuma muda mrefu. Kama limewashwa, lizime leo. Gumba lenye maji likilalia Nyuma kwa bahati mbaya, jedwali linauawa mbele ya macho yako, na sidhani utalishuku hilo kwanza.

Kasi ya kuhama yenyewe, ule ucheleweshaji wa nusu sekunde madirisha yakitelezana, iko kwenye chaguo za wasanidi: vipimo vitatu vya uhuishaji. Viweke vyote kwenye 0.5. Ukiviweka sufuri, programu nyingine huonekana kama zimeruka na utashindwa kujua umetoka wapi.

Sasa RAM. Kwenye Termux, programu ya kuandikia amri, andika hivi:

su -c "cat /proc/swaps"

Ukiona mstari wenye zram0, simu ina zRAM, yaani sehemu ya RAM inayobana data ya programu zilizolala ili nyingi zaidi zienee. Ukubwa umeandikwa kwa kilobaiti. Kwa simu ya GB 4, kitu kama GB 2 kinatosha. Kama tayari uko karibu na hapo, usiguse. Kama hakuna kitu, au ni nusu GB, weka faili ya skripti ndani ya /data/adb/service.d, ambako Magisk huendesha kila faili simu inapowaka, na uipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod 755:

#!/system/bin/sh
sleep 30
swapoff /dev/block/zram0
echo 1 > /sys/block/zram0/reset
echo lz4 > /sys/block/zram0/comp_algorithm
echo 2G > /sys/block/zram0/disksize
mkswap /dev/block/zram0
swapon /dev/block/zram0

Mpangilio huo wa mistari una maana: njia ya kubana lazima itajwe kabla ya ukubwa. lz4 hubana kidogo lakini upesi. Zstd hubana zaidi na kuichosha prosesa zaidi. Kwa prosesa ya simu yako ningebaki na lz4. Usishawishike kuweka GB 4 ukidhani umeongeza RAM maradufu. zRAM inakaa ndani ya RAM ileile, na ukiizidisha simu itashinda inabana na kubanua badala ya kufanya kazi. Ile “RAM ya ziada” inayoandikwa kwenye maboksi ya simu ni jambo jingine: hiyo hukopa kwenye hifadhi, ambayo ni polepole kuliko RAM kwa mbali na huchakaa kwa kuandikwaandikwa.

Ukitaka kuona mambo kwa macho yako, fanya mzunguko wako wa kawaida wa Sheets, SMS na WhatsApp, kisha andika su -c "dumpsys meminfo" na ushuke hadi sehemu inayopanga programu kwa makundi. Chini ya neno Previous utaikuta ile moja yenye 700. Chini ya Cached kuna waliolala. Kama Sheets haipo popote, ilishauawa, hata kama kadi yake bado inang'aa kwenye skrini ya karibuni. Hapohapo utaona pia nani anakula RAM bila kukuletea oda. Aliyekuwekea LineageOS huenda aliongeza pakiti nene ya programu za Google. Zile usizotumia zizime.

Madirisha yanayoelea, yaani programu ndani ya kijisanduku unachokisogeza, yapo pia. Yanawashwa kwenye chaguo za wasanidi na simu inazimwa na kuwashwa tena. Kwenye simu ya ukubwa huu sioni faida yake.

Nimebakiza moduli. Tangu Android 9, mwaka 2018, skrini ya programu za karibuni huchorwa na lancha, ile programu ya skrini ya mwanzo, na mfumo unaikubali lancha yake tu kwa kazi hiyo. Kwako ni Trebuchet, lancha ya LineageOS. Ukiweka lancha nyingine ya kawaida, skrini ya karibuni itabaki ya Trebuchet. QuickSwitch ni moduli ya Magisk inayoipa lancha kama Lawnchair nafasi hiyo. Inafanya kazi, lakini sharti moduli, lancha na toleo la Android vipatane. Visipopatana simu inakwama kwenye nembo ikijiwasha na kujizima. Ikikukuta, shikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati inawaka ili iingie hali salama, na Magisk itazima moduli zote. Kama una kompyuta na adb, njia ya kuiamuru simu kutoka kompyuta, imesharuhusiwa, amri ni adb wait-for-device shell magisk --remove-modules. Mimi nisingeiweka kwenye simu inayoshika biashara. Inabadilisha sura ya kadi, haibadilishi nani yuko 700.

Jihadhari zaidi na zile programu za kuhama zinazochora upau pembeni mwa skrini na kukuomba ruhusa ya huduma za ufikivu. Ruhusa hiyo inaweza kusoma kila kinachoonekana kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Juu ya simu iliyorutiwa inayopokea pesa zako, sikubali. Menyu ya M-Pesa ya kwenye laini ya simu na ile ya *334# hazijali kama simu ina ruti, zitakuhudumia kama kawaida. Programu za benki ndizo zinazokagua, na nyingine zitakataa kufunguka.

Na angalia: katika yote niliyokuelekeza, ni zRAM na lile la kuchungulia kwa dumpsys tu yaliyohitaji ruti. Kama zRAM yako ilikuwa sawa tangu mwanzo, huna sababu ya kuipa ruti nafasi. Fungua Magisk, chagua kuiondoa kabisa, na LineageOS itaendelea bila hiyo. Butiloda, ile programu ya kuwashia simu ambayo kijana aliifungua kufuli, ndiyo usiiguse. Mtu akikuambia sasa irudishe kufungwa ili programu ya benki ikubali, mkatalie maadamu LineageOS ingali ndani. Redmi iliyofungwa ikiwa na mfumo usio wa kiwandani hukataa kuwaka, na kuiamsha tena ni kazi ya kompyuta na huenda usipate hata oda moja ya zile zilizokuwa ndani.